Nusura! Habari ya herufi moja, kutoka Mansoura

Huku Doha joto ndilo linatuonea. Najua nimeadimika. Mama ameshanisema, shangazi wa Pongwe ameshanisema, na rafiki zangu wa chuo wameacha hata kuniuliza. Nisameheni. Zamu za usiku zimefuatana mno, na nikirudi asubuhi hapa Mansoura nalala kama gogo, hata kelele za mafundi wa jengo la jirani sizisikii.

Leo sitaandika habari za bei ya dhahabu (wifi, najua unasubiri hiyo!). Leo ni historia, tena historia ya sarufi. Msikimbie jamani! Kuna mgonjwa ndani yake, na kuna kosa langu mwenyewe ambalo sijawahi kuwasimulia.

Chanzo ni mtoto wa kaka, yule wa kidato cha tatu. Aliniandikia: "Shikamoo shangazi. Mwalimu katuambia tuseme 'If I were you', na mimi najua 'I' inakwenda na 'was'. Nani kakosea, mwalimu au kitabu?" Nikamjibu marahaba mwanangu, hakuna aliyekosea, nipe siku mbili. Siku mbili zimekuwa tisa, maana jibu limenirudisha kwenye asubuhi moja ya mwaka wangu wa kwanza hapa.

Asubuhi hiyo, alfajiri, wodini kwetu aliletwa bibi mmoja mzee mwenye kisukari. Alikuja na binti yake, na mkobani mwa binti kulikuwa na kalamu ya insulini ya mama yake waliyotoka nayo nyumbani. Binti alikuwa na wasiwasi mwingi. Alinishika mkono akarudia mara tatu kwamba mama yake achomwe insulini kabla ya kifungua kinywa, kama walivyozoea. Nikamtuliza: daktari ameshaiandika, chakula bado, wa zamu ya asubuhi atamchoma wakati ukifika. Ilibaki nusu saa nitoke. Nikaandika kwenye karatasi ya kukabidhiana zamu, kwa ule mkato wetu wa kiuguzi: "Daughter insists mother given insulin before breakfast." Ya mdomo tulikabidhiana mbio mbio, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili alianza kuhangaika.

Kichwani mwangu nilikuwa nimeandika hivi: binti anasisitiza mama achomwe. Mwenzangu aliyepokea zamu, dada mmoja wa Kerala, India, mwenye uzoefu kunizidi, akasoma hivi: binti anasisitiza mama ameshachomwa. Akaangalia chati ya dawa, hakuna sahihi. Akaiona ile kalamu kwa binti. Akaona mambo ni wazi: binti kamchoma mama yake kimya kimya, jambo ambalo ndugu wa wagonjwa wanalifanya sana. Na kila muuguzi anajua kwamba insulini ikirudiwa sukari inaweza kushuka hadi mgonjwa akazimia. Kwa hiyo akafanya la busara, akaizuia dozi mpaka ampate daktari. Daktari alikuwa kwenye dharura. Binti alishaondoka kwenda kazini. Bibi akala chakula chake. Kufika saa sita mchana sukari yake ilikuwa 19, na sisi tulitaka isipite 10.

Alitibiwa, ikashuka, hakudhurika, na baada ya siku chache akaenda kwao. Lakini mimi niliamshwa kwa simu, nikarudi kazini na macho mekundu kujaza fomu ya tukio. Sista msimamizi wa wodi hakunifokea. Aliweka kidole juu ya neno "given" akaniuliza: alikuwa ameshapewa, au alitakiwa apewe? Nikasema alitakiwa apewe. Akasema, basi mbona hukuandika hivyo? Sikuwa na jibu. Yule dada wa Kerala hakukosea hata kidogo. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la sarufi.

Sasa tazameni. Kwa Kiswahili kosa hilo haliwezekani. "Achomwe" na "amechomwa" hazifanani hata ukizisikia ukiwa umesinzia. Ile e ya mwisho inapiga kelele: bado! Jambo hili linatakiwa, linaombwa, linaagizwa, lakini bado halijatendeka. Mtoto wa miaka mitatu anaijua. Anasimama mlangoni anasema "niingie?" wala hajaingia. Bibi anaaga anasema "Mungu akulinde". Walimu wa Kiingereza hali hiyo ya kitenzi wanaiita sabjanktivu, na wanafunzi wanaiogopa kama sindano. Kumbe sisi tumenyonya nayo!

Siku mbili baada ya mkasa ule nilikwenda kuchukua dawa kwenye dirisha la famasia, nikamsimulia mfamasia mmoja, mzee wa Kimisri mwenye utani mwingi. Akasema, aaa, hiyo kwetu ni mansub. Mimi nikadhani ananiuliza ninakoishi. Nikamwambia ndiyo, nakaa Mansoura, karibu na stesheni ya metro ya laini ya kijani. Alicheka mpaka akavua miwani.

Alipomaliza kucheka akanipa somo. Mansoura ni neno la kunusuru, maana yake aliyenusuriwa, aliyepewa ushindi. Hata sisi tunalo, nusuru na nusura. Mansub ni neno jingine kabisa, ni jina la kitenzi kinapobadilika irabu yake ya mwisho. Kwa Kiarabu fasaha "yaktubu" ni anaandika. Ukitanguliza "an", kama kusema nataka kwamba..., inakuwa "yaktuba". U inageuka a, basi, na maana inatoka kwenye jambo lililopo inakwenda kwenye jambo linalotakiwa. Irabu moja tu mwishoni, sawasawa na anaandika na aandike.

Na Waarabu waliichunguza irabu hiyo mapema sana. Kitabu kikubwa cha kwanza cha sarufi yao kiliandikwa Basra, Iraki, na Sibawayh, mtu mwenye asili ya Uajemi aliyefariki yapata mwaka 796. Kitabu chake kilisifika hata kikaitwa "Kitabu" tu, bila jina jingine. Mwalimu wake alikuwa al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, ndiye aliyeweka kanuni za arudhi, yaani mizani na vina mnavyovisikia washairi wetu wakivitaja hadi leo. Kwa hiyo miaka zaidi ya 1,200 iliyopita walikuwepo watu waliokaa chini wakauliza: kwa nini irabu hii inabadilika, na inabadilika baada ya maneno gani?

Lakini yule mzee akaniambia na siri nyingine. Mitaani Misri irabu hizo za mwisho hazitamkwi tena. Zimebaki kwenye Kurani, vitabuni, kwenye hotuba na taarifa za habari. Je, Wamisri wamepoteza tofauti yenyewe? Hapana. Wameihamishia mbele. "Bitakhud id-dawa" maana yake anakunywa dawa, ndiyo kawaida yake. "Lazim takhud id-dawa" ni lazima anywe dawa. Ukiisikia ile "bi" mwanzoni, jambo lipo. Usipoisikia, jambo linatakiwa. Mkia umekatika, wakatafuta pembe!

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: na Kiingereza je? Kilikuwa na mkia? Nikaanza kusoma kidogo kidogo, kwenye simu, ndani ya basi la kwenda kazini. Jibu ni ndiyo, tena nusura niruke kitini nilipouona.

Miaka 1,000 iliyopita, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na mikia mingi. Chukueni kitenzi cha kusaidia, "helpan". Anasaidia ilikuwa "he hilpth". Na asaidie? Ilikuwa "he helpe". Mmeiona herufi ya mwisho? Ni e! E ile ile, mahali pale pale, kazi ile ile. Kwa watu wengi ilikuwa "helpen". Lugha hizi hazina undugu wowote na yetu, ni bahati tu, lakini mimi nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa Tanga katikati ya Doha.

Sasa ile e ilikwenda wapi? Kiingereza na jamaa zake huweka mkazo mwanzoni mwa neno, kwenye mzizi. Mkazo ukikaa mbele, nyuma kunamezwa. Kidogo kidogo irabu za mwisho zikafifia zote zikawa sauti moja dhaifu. Katika mashairi ya Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, ile e ya mwisho bado inasikika mahali pengi. Karne iliyofuata ikawa kimya. Kwenye maandishi imebaki katika maneno mengi, kama kibao cha duka lililofungwa zamani. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya mwisho hatuimezi. Ndiyo maana e yetu i hai mpaka leo.

Baada ya mikia kuanguka, Waingereza walibaki na vipande viwili vitatu vya sabjanktivu. Kimoja ni pale mtu mmoja anapotajwa: "he comes" ni anakuja, "he come" bila s ni aje. Kingine ni kitenzi "be", ambacho hakikukubali kufa. Enzi za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, hali hii bado ilitumika sana. Kisha watu wakazidi kutumia maneno ya msaada mbele ya kitenzi, "may", "might", "should". Yaani wao pia, mkia ulipokatika, walitafuta pembe kama Wamisri.

Wanasarufi wakahangaika nayo. Robert Lowth, padri wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1762. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, akatoa chake mwaka 1795, na shule nyingi zikakitumia kwa miaka mingi. Wote walikuwa na Kilatini mkononi kama rula ya kupimia. Mwaka 1926 Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, akaiona sabjanktivu kama mgonjwa aliyekaribia kukata roho. Lakini sisi wauguzi tunajua, si kila mgonjwa aliyekatiwa tamaa hufa. Marekani iliendelea kuishi. Mmarekani husema bila shida "she insists that her mother be given insulin". Mwingereza alipendelea "should be given", au husema "is given" na kuacha msikilizaji aelewe mwenyewe. Katika karne ya 20 ile "be" ikaanza kurudi hata Uingereza.

Sasa rudini na mimi wodini. Ufilipino ilitawaliwa na Wamarekani tangu 1898 mpaka 1946, na Kiingereza chao ni cha Kimarekani. India ilitawaliwa na Mwingereza, na sisi pia. Doha tunakutana wote kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa, kila mmoja na Kiingereza alichorithi, na mgonjwa mwenyewe anazungumza Kiarabu. Juu ya hapo tunaandika kwa mkato, tunaacha maneno madogo ili tuokoe dakika. Mimi niliacha "be". Katika sentensi ile "be" ndiyo iliyokuwa e ya mwisho, nami niliitupa kama ganda la ndizi. Mtu wa kuliteleza akawa bibi wa watu.

Niwape mfano mwingine wa karibu na nyumbani. Wazee wetu waliosoma enzi za mkoloni waliimbishwa "God Save the King" shuleni. Wengi walidhani ni amri: Mungu, mwokoe mfalme! Wengine walidhani ni habari tu, Mungu anamwokoa mfalme. Ingekuwa habari ingekuwa "God saves", na s yake. Haina s kwa sababu ni sabjanktivu, ni dua: Mungu amwokoe mfalme. Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita alifariki wakati binti yake Elizabeth yuko ziarani Kenya, kwa hiyo urithi wa ufalme ulimkuta Afrika Mashariki. "King" ikawa "Queen". Ile "save" haikuguswa. Tanganyika ikaacha kuuimba ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Malkia alipofariki mwaka 2022 Waingereza wakarudi kwenye "King", na "save" bado vile vile, haina s. Miaka yote hiyo watu wameimba sabjanktivu bila kujua, kama sisi tunavyosema "Mungu akubariki" bila kufikiria.

Na hapo kwenye "akubariki" kuna jambo linalonichekesha. Mbona si "akubarike"? Kwa sababu bariki limetoka Kiarabu, haliishii na a, na kwetu kinachogeuka kuwa e ni a peke yake. Ndivyo ilivyo kwa jibu, fikiri, samehe, rudi. Tunasema ajibu, afikiri, asamehe, arudi. Kwa hiyo maneno yaliyotoka kwenye lugha inayogeuza irabu yake ya mwisho, yalipofika kwetu yakagoma kugeuka! Ila hata yakigoma maana haipotei. Anarudi na arudi, ile "na" ya katikati ikiondoka unajua kwamba mtu bado hajarudi.

Ni nani aliyeandika kanuni hiyo kitabuni kwa mara ya kwanza? Hapa tuingie kwenye historia yetu. Mwaka 1844 mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa na mkewe. Miezi michache tu baadaye homa ikamwua mkewe na mtoto wao mchanga. Kila nikisoma habari hiyo uuguzi wangu unanisumbua, nafikiria dawa gani ingetosha leo. Krapf alibaki, akaendelea kujifunza lugha, na mwaka 1850 muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili ukachapwa Ujerumani. Baadaye mwaka 1864 Edward Steere, Mwingereza, akafika Unguja. Alikaa na wenyeji, akawauliza, akawasikiliza, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Ndiye aliyekuja kuwa askofu na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa. Wageni waliokuja kutawala na kuhubiri walijifunza humo: kitenzi kikiishia na a, igeuze iwe e.

Ila wageni hao walikuja na jina la Kilatini, maana ndilo walilofundishwa shuleni kwao. Sabjanktivu kwa asili ni kitu kilichofungwa chini ya kingine. Kwa Kilatini jina linafaa, kwa sababu mara nyingi kitenzi hicho huning'inia chini ya kitenzi kingine: naomba kwamba..., naogopa kwamba... Yetu pia inaweza kuning'inia: nataka uje. Lakini yetu inasimama peke yake vile vile. Twende! Niingie? Tule. Ashindwe! Hapo imefungwa chini ya nini? Haikufungwa popote. Steere na wenzake walitupimia nguo kwa mwili wa mtu mwingine, nasi tukaivaa. Siwalaumu, walifanya kazi kubwa. Nasema tu kwamba kitu kilikuwepo kabla ya jina.

Na kilikuwepo zamani sana. Mganda ninayekaa naye hapa chumbani, aende kwao ni "agende". Kizulu, huko chini kabisa Afrika Kusini, ni "ahambe". Wataalamu waliozilinganisha lugha za Kibantu, kama Mbelgiji A. E. Meeussen mwaka 1967, waliihesabu e hii kuwa ni urithi kutoka lugha mama iliyozizaa zote. Yaani kabla ya Krapf, kabla ya majahazi ya Waarabu, babu wa mababu zetu walikuwa wakitembea porini wanaambiana "twende", na ile e ilikuwa mwishoni. Waingereza waliipoteza ya kwao ndani ya miaka mia chache. Sisi tunayo, hakuna aliyetufundisha kuitunza.

Haya, mwanangu wa kidato cha tatu, sasa jibu lako. Zamani Kiingereza kilikuwa na vitu viwili. "Ic wæs" ilikuwa nilikuwa, jambo la kweli lililopita. "Ic wære" ilikuwa ningekuwa, jambo la kudhania tu. Ile ya pili ndiyo "were" yenu ya leo. "If I was there" mtu anaweza kusema kama huenda kweli alikuwepo. "If I were you" haiwezekani abadan, mimi siwezi kuwa wewe. Kwa Kiswahili kazi hiyo haifanywi na e, inafanywa na nge: ningekuwa wewe. Kwa hiyo kumbuka, Kiingereza kimeweka chini ya jina moja vitu ambavyo sisi tumevitenga. "Be" ya kuagiza ni e yetu. "Were" ya kudhania ni nge yetu. Mwalimu wako yuko sahihi. Na watu wengi wanaosema "if I was you" nao wanaeleweka, ila kwenye mtihani andika "were", upate alama zako uende zako.

Na sisi wakubwa tujifunze nini? Mimi tangu siku ile siandiki tena "given" peke yake. Naandika "to be given", na pembeni naongeza "not yet given", hata kama karatasi inajaa. Nikipokea zamu namwomba mwenzangu aniambie mambo mawili mbalimbali: lililofanyika, na lililobaki lifanyike. Wauguzi wapya wakija, hasa wa kutoka kwetu, nawaambia: kabla hujaandika Kiingereza, isikie kwanza kwa Kiswahili. Kama kwa Kiswahili ina e mwishoni, basi ile "to be" usiiache. Wanacheka, lakini wanakumbuka.

Mnakumbuka mwezi uliopita baba alipougua? Nilikuwa kazini, usiku, simu iko kwenye kabati. Wakati wa mapumziko nikakuta ujumbe wa kaka, maneno matatu tu: "Baba apelekwe hospitali." Ujumbe uliandikwa saa moja kabla. Angeandika kwa Kiingereza cha mkato, "Father taken to hospital", ningeshukuru Mungu nikarudi kwenye wagonjwa wangu, nikijua kashapelekwa. Ile e ndiyo iliyoniambia hajapelekwa, kwamba kaka anasema lakini kuna kitu kimekwama. Nikapiga simu pale pale. Kweli, gari halijapatikana, na pesa ya gari haijapatikana. Nikatuma. Kabla sijarudi wodini nikapata ujumbe mwingine: "Baba amepelekwa." Niliusoma mara mbili nikakaa chini. Namshukuru Mungu leo anatembea na anagombana na kuku wa jirani kama kawaida yake.

Wazee wetu walisema maneno mengi, lakini neno ninalolipenda siku hizi ni hili la mtaa wangu. Nusura. Ni ndugu wa Mansoura, neno la kuokolewa. Na sisi tukalitumia kwa jambo lililokaribia kutokea likakoma: nusura aanguke, nusura tuchelewe. Angalieni kitenzi kinachofuata, kina e! Nusura nimdhuru bibi wa watu. Nashukuru kwamba sentensi hiyo naisema hivyo, na si kwa namna nyingine.

Ni hayo tu kwa leo. Msalimieni bibi, mwambieni kanga zake nimezinunua na zitakuja na mtu anayerudi mwisho wa mwezi. Mama amenitumia sauti jana, kama kawaida yake anamaliza kwa "Mungu akurudishe salama". Bado sijarudi, mama, lakini nimekusikia. Naye awalinde nyote mpaka tuonane.

Wenu, wa Mansoura.